Bangi Ndani ya Uzio

Msomaji, usihangaike kuitafuta Mtulinga kwenye ramani. Wachora ramani walikuja mara kadhaa kuipima, wakarudishwa mpakani kwa kukosa kibali cha kutazama. Kwa hiyo nchi yetu haionekani popote, na viongozi wetu wanasema hiyo ndiyo siri ya amani yake. Mimi ni raia mwaminifu wa nchi hiyo. Haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa nia njema kabisa, ili mataifa yasiyo na bahati kama yetu yapate cha kujifunza.

Mtulinga imebanwa kati ya nchi mbili. Kaskazini kuna Ufalme wa Kisogo, ambako mtu akikutwa na bangi ananyongwa, na akikutwa na bangi pamoja na kamba anashukuriwa kwanza, ndipo ananyongwa. Kusini kuna Jamhuri ya Goti, ambako bangi inauzwa dukani kwenye rafu moja na sukari, na ni sukari ndiyo inayohitaji kibali. Sisi tulikuwa katikati, na kwa kuwa ni watu wa wastani, tulikuwa na sheria ya wastani: bangi ilikatazwa kabisa na ilivutwa kila mahali. Moshi uliopanda kila jioni nyuma ya kambi ya polisi ulitambuliwa rasmi kuwa ni moshi wa kufukuza mbu. Na kwa kweli mbu wa pale walikuwa wapole sana.

Katika mji mkuu wetu, Kitovu, kulikuwa na hakimu aliyeitwa Habili Mtengeti. Huyu hakuwa mtu mbaya. Hakula rushwa, hakunywa pombe, na alipomkanyaga mtu mguu kwa bahati mbaya alijitoza faini. Aliamini kwamba sheria ni kama dawa ya minyoo: haihitaji kuwa tamu, inahitaji kumezwa. Mkewe aliitwa Mwanahawa, na Mwanahawa alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, fundi mwashi aliyeitwa Pazi.

Pazi alikuwa na miche michache ya bangi nyuma ya jiko la mama yao, Bi Kilua. Bi Kilua alikuwa na magoti yaliyovimba kama maboga, na alikuwa akichemsha majani yale na kujikanda. Mtaa mzima ulijua. Mkuu wa polisi wa mtaa alijua zaidi, kwa sababu ndiye aliyempa Pazi mbegu. Lakini mwaka ule aliletwa mkuu mpya wa polisi wa mkoa, naye akatangaza vita dhidi ya dawa za kulevya, na vita haiwezi kupiganwa bila adui. Mashamba mengine yote ya mjini yalikuwa ya askari. Wakamkamata Pazi.

Siku ya kesi, Pazi alisimama kizimbani akiwa bado na saruji kwenye kucha.

"Shemeji," alianza.

"Hapa hakuna shemeji," alisema Hakimu Habili. "Hapa kuna mshitakiwa."

"Sawa, mheshimiwa. Mshitakiwa anakusalimu, na mama mkwe wako naye anakusalimu."

"Miche ile ni ya nani?"

"Majani ni ya mama, kwa ajili ya magoti. Yanayobaki navuta mimi, mheshimiwa, maana tulilelewa tusitupe kitu."

Hakimu aliandika jibu hilo. Aliwapenda watu hawa wawili, mama na mwana. Pazi ndiye aliyemjengea nyumba, na alipofika kwenye chumba cha kulala alikataa malipo. Lakini Hakimu alijua kwamba akimwachia shemeji yake, kesho itabidi amwachie na shemeji wa mtu mwingine, na nchi ya mashemeji haikaliki. Akamfunga miaka saba, na kazi ngumu.

Jioni ile alikuta mezani dona na maharage. Aliyaonja, akaangalia huku na huku.

"Mama Tunu, chumvi imekwisha?"

"Ipo," alijibu Mwanahawa.

"Na haya maharage hayajaungwa?"

"Hayajaungwa. Nimeulizia gerezani wanakula nini, Baba Tunu. Kuanzia leo, humu ndani tunakula anachokula Pazi."

Hakusema hivyo kwa hasira. Alisema kama mtu anayetangaza kwamba maji yatakatika. Kisha akakaa, akala sahani yake mpaka ikaisha, na Hakimu naye, kwa kuwa ni mtu wa haki, akala yake.

Mambo yangeweza kubaki hivyo, lakini Goti walianza kujenga barabara. Walijenga barabara za lami pana, zenye taa, kwa pesa za bangi waliyoiuzia dunia, na usiku mwanga wa taa zile ulivuka mpaka na kuwaamsha kuku wetu. Serikali ya Mtulinga ilivumilia mengi, lakini kuku kuwika kwa ajili ya maendeleo ya jirani ilikuwa ni aibu. Bunge likaitishwa.

Mjadala ule ulikuwa wa kihistoria. Mbunge mmoja mwenye sauti nzito alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, tukihalalisha bangi vijana wetu hawatafanya kazi."

"Kazi ipi?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

Kumbukumbu rasmi za Bunge ziliandika hapo: *Kelele.*

Mwingine akasema kwamba bangi ni mmea wa Mungu. Mwingine akajibu kwamba upupu pia ni mmea wa Mungu, na akamwomba mheshimiwa aliyetangulia aupake. Wa tatu alisema babu zake walivuta bangi na hawakupata wazimu. Wenzake walimtazama, wakaamua kutoendelea na hoja hiyo. Ili kupata ushahidi wa kitaalamu, ujumbe mmoja ulipelekwa Goti na mwingine Kisogo. Ujumbe wa Goti ulichelewa kurudi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuondoka, na taarifa yake ilikuwa na sentensi moja, kwamba watu wa Goti ni wema sana na mikono ya binadamu ikitazamwa kwa karibu ni kitu cha ajabu. Ujumbe wa Kisogo ulirudi mapema, ukiwa umepungukiwa na mjumbe mmoja aliyekutwa na ugoro wa rangi isiyoeleweka. Serikali ya Kisogo iliomba radhi kwa jeneza zuri.

Hapo ndipo aliposimama Mheshimiwa Petronila Sagamba, Waziri wa Maadili na Mapato. Mama huyu alikuwa na akili ya pekee. Wizara nyingine zote zilikuwa na kazi moja. Yeye alikuwa na kazi mbili zinazogombana, na kila jioni aliziacha zimepatana.

"Waheshimiwa," alisema, "wanaotaka bangi iruhusiwe wana haki. Wanaotaka ikatazwe wana haki. Serikali sikivu haiwezi kuwaangusha wote. Kwa hiyo tutajenga uzio. Mmea ukiwa ndani ya uzio wa serikali utaitwa Zao Maalumu, nao utapelekwa Ughaibuni kutengenezewa dawa. Ukiwa nje ya uzio utaendelea kuitwa bangi, na mwenye nao atafungwa. Narudia, ili magazeti yasipotoshe: hatujahalalisha bangi. Tumehalalisha faida yake."

Wabunge walipiga meza mpaka vumbi likatoka. Sheria ikapita siku hiyo hiyo. Iliongeza kwamba kuliita zao hilo bangi ukiwa ndani ya uzio ni kosa la kuhujumu uchumi, na kuiita bangi zao ukiwa nje ni kosa la uchochezi. Aliyesimama mlangoni alishauriwa anyamaze.

Likabaki swali la nani alime. Raia mwema hawezi kugusa mmea ule, kwa sababu akiugusa si raia mwema tena. Waziri Sagamba akaona kwamba jibu lilikuwapo tayari, limelala bure magerezani. Watu wote waliofungwa kwa kulima bangi walikusanywa kutoka kila pembe ya nchi, wakapelekwa kwenye shamba la Gereza la Mzambarauni, wakazungushiwa uzio wa waya, na wakaanza kutumikia adhabu ya kulima bangi kwa kulima bangi. Pazi alikuwa miongoni mwao. Barua ya kwanza aliyomtumia dada yake ilikuwa fupi: *Dada, kazi ni ile ile, ila hapa kuna mbolea.*

Mwanahawa aliisoma kwa sauti mezani, juu ya maharage.

Haukupita muda mrefu, habari zikaenea kwamba Mzambarauni kuna kazi ya kudumu, kuna chakula, na hufukuzwi. Vijana wa Kitovu, ambao walikuwa wamezeekea kwenye vibaraza wakisubiri ajira, wakaanza kujileta mahakamani. Walikuja wamenyoa vizuri, wamevaa mashati ya kuazima, wengine na barua za utambulisho kutoka kwa wenyeviti wa mitaa. Mmoja wao, kijana mpole aliyemaliza chuo cha kilimo, alisimama mbele ya Hakimu Habili na kukiri kosa kabla halijasomwa.

"Unakiri kukutwa na bangi?" aliuliza Hakimu.

"Nakiri, mheshimiwa."

"Polisi wanasema hawakukukuta na kitu."

"Hawakutafuta vizuri."

"Iko wapi, basi?"

"Kwa sasa sina, mheshimiwa. Lakini nia ninayo, na cheti ninacho."

Hakimu akamwachia huru. Nje ya mahakama mama wa kijana yule alikaa chini akalia, akiwaambia wapita njia kwamba mwanawe amenyimwa kifungo na mtoto wa diwani amepewa. Hakimu alimsikia kupitia dirisha. Jioni ile alirudi nyumbani amechoka, akala bila kuulizia chumvi, na kwa mara ya kwanza akamwuliza mkewe Pazi anaendeleaje.

"Anakonda," alisema Mwanahawa. "Kama wewe."

Zao Maalumu lilistawi, na shehena ya kwanza ikasafirishwa Ughaibuni. Mnunuzi akaja mwenyewe kutoka Ughaibuni kuliona, mtu mrefu na mtaratibu aliyeitwa Bwana Olufu, ambaye kampuni yake ilitengeneza dawa ya maumivu ya viungo kwa ajili ya wazee wa nchi za baridi. Waziri Sagamba alimtembeza shambani na mkalimani wa serikali akiwa nyuma yao. Wafungwa walikuwa wamevalishwa fulana mpya zilizoandikwa *Mdau wa Kilimo*, zikiwa juu ya sare zao. Bwana Olufu alisimama mbele ya Pazi, akasema kitu kwa lugha yake.

"Anauliza umejifunza wapi kilimo hiki," alisema mkalimani.

"Mwambie nililima nyuma ya jiko la mama," alisema Pazi. "Ndiyo maana nimefungwa."

Mkalimani alikohoa, akageuka, akamwambia mgeni maneno marefu yenye furaha.

Bwana Olufu aliyasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha polepole kilichonyooka, "Mimi nilikaa Goti miaka mingi. Nimemsikia alivyosema."

Mkalimani aliangalia viatu vyake. Waziri Sagamba peke yake ndiye hakubabaika. Alitabasamu na kueleza kwamba neno *kufungwa*, katika lahaja ya Kitovu, maana yake ni kuajiriwa kwa mkataba.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Olufu, "mimi si mtu wa kuhukumu nchi za watu. Lakini sheria ya kwetu hairuhusu kununua kitu kilicholimwa na wafungwa. Watu hawa wakiwa wafungwa, mimi sinunui."

"Wakiwa si wafungwa?"

"Nanunua chote."

Kabla mgeni hajapanda ndege, Rais wa Mtulinga alikuwa amewasamehe wafungwa wote wa Mzambarauni. Redio ilipiga nyimbo za taifa. Mwanahawa alisikia tangazo akiwa anachambua maharage. Akayaacha, akatoa mchele ambao hakuwa ameupika tangu Pazi afungwe. Akauinjika jikoni, akavaa khanga ya kutokea, akamchukua mama yake, wakaenda mpaka kwenye lango la shamba kumpokea.

Walimwona akija. Bi Kilua, aliyekuwa ameshikiliwa na Mwanahawa kwa kwapa, aliinua mkono. Pazi akavuka lango, akapiga hatua kadhaa kuelekea kwao, na askari waliokuwa wamesimama upande wa nje wakamshika.

"Nimesamehewa," alisema Pazi.

"Umesamehewa la zamani," alisema askari. Alipitisha kitambaa cheupe kwenye nywele za Pazi, akakionyesha. Kilikuwa na vumbi la kijani. "Ndani ya lango lilikuwa Zao. Hapa ulipo, hii ni bangi."

Walikamatwa wote, mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyotoka. Kwa kuwa rumande za mji zilikuwa zimejaa, walirudishwa kulala Mzambarauni, na kwa kuwa walikuwa pale, wakaombwa waendelee na palizi. Mheshimiwa Sagamba alimtumia Bwana Olufu taarifa kwamba shamba halina tena mfungwa hata mmoja. Alisema kweli. Walikuwa mahabusu.

Bi Kilua alirudishwa nyumbani. Usiku magoti yalimzidi, na asubuhi Mwanahawa akampeleka hospitali. Daktari alimwandikia dawa mpya, chupa ndogo ya bei kubwa kutoka Ughaibuni. Ilimsaidia. Alilala. Jioni Mwanahawa aliiweka ile chupa mezani, karibu na sahani ya mumewe, akaigeuza upande wenye maandishi.

Hakimu akasoma. *Imetengenezwa Ughaibuni kwa malighafi bora ya Mtulinga.*

"Hii imefuata utaratibu," alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," alisema Mwanahawa. "Imetoka nyuma ya jiko la mama, ikapanda ndege, ikatembezwa, ikarudi kwa mama. Utaratibu umefuatwa wote. Aliyeachwa njiani ni Pazi peke yake."

Hakimu aliishika ile chupa kwa muda mrefu. Mimi sikuwapo, lakini mtumishi wa jirani aliyekuwa akichungulia anasema kwamba Hakimu alifuta macho, na mtumishi yule hajawahi kusema uongo isipokuwa mahakamani.

Kesi ya Pazi ilipangwa kuwa ya kwanza kati ya kesi za vumbi. Siku moja kabla yake, gari la bendera lilisimama nje ya ofisi ya Hakimu, na Waziri Sagamba akaingia na manukato yake.

"Mheshimiwa Hakimu, sikuja kukuingilia," alisema. "Sikuombi umfunge shemeji yako. Ukimfunga, mnunuzi anakimbia. Wala sikuombi umwachie. Ukimwachia, mlimaji anakimbia. Nakuomba uahirishe tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mavuno."

"Na baada ya mavuno?"

"Nchi yetu imejaliwa, Hakimu. Kuna mavuno mengine."

Hakimu alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Usiku ule hakulala. Alikaa na kitabu cha Sheria ya Zao Maalumu, akakisoma mwanzo mpaka mwisho, kisha mwisho mpaka mwanzo, kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro alilolalia miaka yote.

Kesho yake mahakama ilijaa mpaka madirishani. Mwanahawa alikaa mstari wa mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yao yote. Wakili wa serikali aliomba kesi iahirishwe. Hakimu akasema ameshaandika hukumu.

"Mahakama imeridhika kwamba mshitakiwa alikuwa na vumbi kichwani," alisoma. "Vumbi hilo lilitoka kwenye shamba la serikali, kwa hiyo ni mali ya umma. Kifungu cha nane kinakataza mtu yeyote kuliharibu Zao, kulimwaga, au kuliosha. Mshitakiwa hawezi, basi, kuoga kabla ya kutoka; angekuwa mhujumu uchumi. Na akitoka bila kuoga, anakuwa mhalifu wa bangi. Mahakama imejiuliza kama Bunge letu tukufu lingeweza kutunga sheria isiyowezekana kutiiwa, na imeona kwamba kusema hivyo ni kulidharau Bunge. Kwa hiyo njia ya kuitii lazima ipo."

Alinywa maji. Wakili wa serikali alianza kuwa na wasiwasi.

"Sheria inasema Zao ni halali likiwa ndani ya uzio. Haisemi popote uzio uishie wapi. Mshitakiwa amesamehewa na Rais, na ana haki ya kwenda kwao. Anapokwenda yeye, Zao linakwenda naye. Na panapokwenda Zao, sheria inataka uzio uwepo. Mahakama inaamuru serikali iusogeze uzio wa Mzambarauni mpaka uizunguke nyumba ya mshitakiwa, jiko la mama yake, na njia yote ya kati, ili aende nyumbani akiwa ndani ya sheria."

Wakili wa serikali alisimama. "Mheshimiwa, tangu lini uzio ukamfuata mtu?"

"Kodi inamfuata," alisema Hakimu. "Uzio una udhuru gani?"

Pazi alitoka kizimbani. Hakujua amtazame nani. Mwishowe alimtazama Hakimu, akasema taratibu, "Mshitakiwa anashukuru," na Hakimu akavua miwani, akainuka kwenye kiti chake, akateremka, na akampa mkono mbele ya watu wote.

"Twende nyumbani, shemeji," alisema. "Dada yako ametupikia."

Ulikuwa wali, na nyama, na kachumbari, na kila kitu kilikuwa na chumvi kupita kiasi. Hakimu alikula kama mtu aliyetoka jela, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa kweli. Bi Kilua aliletwa kwenye kiti cha heshima. Alimkagua mkwe wake toka juu hadi chini, akasema, "Baba Tunu, akili unazo. Zinachelewa tu, kama basi la serikali."

Wengi walitegemea kwamba serikali ingekata rufaa. Haikukata. Mahabusu wengine wa Mzambarauni walipata hukumu kama ya Pazi, na kwa kuwa kila mmoja alitoka pembe yake ya nchi, uzio ulitakiwa ufike kila pembe. Kazi ya kusambaza waya ilipewa kampuni ya shemeji wa Waziri Sagamba, na Waziri aligundua ghafla kwamba alikuwa muumini mkubwa wa uhuru wa mahakama. Waya ukavutwa. Ulikwenda mashariki, ukarudi magharibi, ukazunguka masoko, makanisa, misikiti, viwanja vya mpira. Ulifika mpaka wa Kisogo, ambako walinzi wa mfalme waliutazama kwa mashaka wakarudisha miti ya kunyongea nyuma kidogo. Ulifika mpaka wa Goti, na watu wa Goti wakautundikia nguo zao.

Basi tukawa taifa zima ndani ya shamba la gereza, na nakiri kwamba hatukuona tofauti kubwa. Wenye kuvuta walivuta, wasiovuta hawakuvuta, na wale waliokuwa wakivuta kwa sababu tu imekatazwa waliacha, wakaanza kucheza bao. Bi Kilua alipanda miche yake upya. Vijana walilima waziwazi wakauza kwa Bwana Olufu. Wengine walilala mchana kutwa, kama walivyotabiriwa na mbunge mwenye sauti nzito, lakini hao walikuwa wakilala hata zamani.

Sehemu moja tu ilibaki nje ya uzio: viwanja vya Bunge. Waheshimiwa walisema haiwezekani Bunge likawa ndani ya gereza. Wapiga kura wangepata picha mbaya. Waya ukapita pembeni, ukauzunguka ukuta wao, na mahali pale pakawa ndipo mahali pekee Mtulinga ambapo bangi bado ilikuwa bangi. Polisi wa nchi nzima, ambao hawakuwa na kazi kwingine, wakahamia kwenye lango lile na mbwa wao. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanatafuta kazi.

Siku ya kwanza walimkamata mbunge mmoja kwa jani lililonasa kwenye tairi la gari lake. Siku ya pili wakamkamata mwingine kwa harufu ya shuka. Waziri Sagamba alipoona foleni ya wenzake waliofungwa pingu, aligeuza njia langoni akarudi ndani, akaomba kikao cha dharura. Kilijadili mambo matatu. La kwanza lilikuwa kuifuta sheria, likakataliwa kwa sababu ingeonekana walikosea. La pili lilikuwa kuuingiza ukumbi ndani ya uzio, likakataliwa kwa sababu za hadhi. La tatu lilikuwa kutotoka tena humo ndani, asije mtu akarudi na vumbi. Hilo lilipita bila kupingwa, na wabunge walipiga meza.

Wakaagiza magodoro. Wakaagiza vyandarua. Waume na wake zao huwaletea chakula saa sita na kuwapitishia kwenye matundu ya waya, baada ya mbwa kukinusa. Asubuhi huzunguka ua kwa mazoezi, wawili wawili, Mheshimiwa Sagamba akiwa mbele.

Bwana Olufu alipokuja tena kununua mazao alipita hapo na gari, akamwambia dereva asimame. Pazi alikuwa juu ya ngazi, upande huu wa waya, akiongeza tofali kwenye ukuta.

"Pazi," alisema Bwana Olufu, "serikali yenu iliniandikia kwamba hakuna tena wafungwa katika nchi hii."

"Hakuna," alisema Pazi.

"Na hawa wanaozunguka?"

"Hawa ni wabunge. Wako huru kabisa. Ila wanaogopa sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya kwao."

Bwana Olufu aliwatazama waheshimiwa wakizunguka. Mmoja alimpungia mkono kwa matumaini. "Na lango limefungwa na nani?" aliuliza.

"Halijafungwa. Halijawahi kuwa na kufuli."

"Kwa hiyo wewe unajenga nini hapo?"

Pazi akachota saruji kwa mwiko, akaipaka juu ya tofali, akalisawazisha vizuri kabla ya kujibu.

"Ukuta," alisema. "Wameuagiza wenyewe. Wamesema huu wa sasa ni mfupi."